Chujio la Dhahabu

Mkwe wangu Athol alikuwa na mikono safi. Naanza na hilo kwa sababu mambo yote yalianzia hapo.

Boti waliinunua, yeye na mkewe, kwa mjane mmoja wa kijiji cha Methven. Ilikuwa imelala kwenye banda la kondoo miaka na miaka, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva. Ni boti ya jeti, hizi zetu za mtoni, haina panga la kusukumia maji linaloning'inia nje. Inafyonza maji kwa chini ya tumbo, panga lililofichwa ndani linayasukuma, yanatoka nyuma kwa kishindo, na boti inaruka. Ndiyo maana inapita hata pale ambapo maji hayafiki kwenye vifundo vya miguu. Ila kinywa kinachofyonza maji hufyonza na mawe, na mto wetu Rakaia una mawe mengi kuliko maji.

Aliyeifufua ni binti yangu Lorna. Marehemu baba yake alikuwa fundi wa matrekta, na yule mtoto alikulia chini ya matrekta hayo kama kifaranga chini ya mama yake. Majira yote ya baridi, Athol akiwa barabarani na lori la maziwa, Lorna alikuwa bandani. Alilifungua lile panga la ndani, akanionyesha. Kingo zake zilikuwa zimeliwa na changarawe, zimebaki kama kitana cha kizee kama mimi, jino hapa, pengo pale. Alizichomelea, akazipiga tupa, akazipima, akapiga tena. Pete inayolizunguka panga akaitupa, akaweka mpya, kisha akapitisha kati yake vile vijipimo vyembamba kama wembe.

"Hapa pakiwa pana, Mama, boti inameza hewa," alisema. "Inapiga kelele tu, haiendi."

Injini ya zamani ikatoka, ikaingia ya silinda nane kutoka gari lililogongwa. Chini ya tumbo akafunga bamba jipya la kuteleza juu ya mawe. Chujio la chuma la kuzuia mawe pale kinywani akalisuka upya, nondo zikakaribiana. Mwisho akanishonea mto wa kukalia kwenye kiti cha nyuma, maana mifupa yangu haitaki mchezo.

Athol alikuwa akirudi jioni anashika taa. Si mtu mbaya. Anashika taa vizuri, na anajua kuleta chai.

Sasa siku moja Hughie, rafiki yake wa chama cha boti, akapita. Lorna alikuwa ndani ameenda kutoa mkate jikoni. Athol alikuwa amesimama peke yake pembeni ya boti. Hughie akachungulia ndani ya injini, akapiga mbinja.

"We Athol! Kumbe we fundi, unatuficha! Hii kazi umeifanya wewe?"

 Nikamwona Athol akiokota kitambaa kichafu cha Lorna, chenye grisi, akaanza kujifuta mikono. Mikono safi, anaifuta kwa kitambaa kichafu mpaka ikawa michafu.

"Aa, nilijaribu jaribu tu," akasema.

Mimi nilikuwa mlangoni mwa banda na kikapu cha mayai. Aliniona. Akainamisha macho, lakini neno halikurudi.

Likaanza kukua hilo neno. Kule baa wakamwita Fundi, akaitika. Hughie akamwomba amfundishe namna ya kukaza pete, naye akamfundisha yale aliyoyasikia akiwa ameshika taa. Nikamwambia Lorna. Lorna akacheka, cheko la kukunja mdomo.

"Mwache, Mama. Akifurahi, nyumba inatulia."

"Na wewe?"

"Mimi boti inaniambia asante."

Basi nikanyamaza. Nilijua siku ya kufungua msimu wa boti inakuja, na kwamba chama kizima kitakuwepo. Nikasema, atapata nafasi ya kusema, ngoja tuone kama atasema.

Siku ikafika, theluji ya milimani imeanza kuyeyuka, mto umetawanyika vijito vijito kama nywele zilizofumuliwa. Boti zikashushwa kutoka kwenye trela zao, watu wanasifu ya kwetu, imepakwa rangi nyekundu. Mzee Murdo, mwenyekiti wa chama, akaizunguka mara mbili.

"Athol, mwanangu, umefanya kazi ya kiume."

Athol akasema, "Ahsante, Mzee." Lorna alikuwa anafunga koti langu la kuokolea. Vidole vyake vilisimama kwenye kifungo, kisha vikaendelea.

Athol akashika usukani, Lorna akakaa kando yake, mimi nyuma na chupa ya chai. Boti ikaondoka, jamani! Bibi kizee nikapiga kelele. Tukapita vijito, tukakata kona, ngurumo imejaa kifuani.

Kisha tukafika mahali mto unapojigawa na maji yanakuwa membamba kama shuka. Mawe unayaona yote, kila moja na rangi yake. Hapa kwetu hata mtoto anajua: kwenye maji haba, ukiogopa, kanyaga mafuta. Boti ikikimbia inakaa juu juu, inateleza. Ukiachia, inakaa chini kama ng'ombe aliyechoka.

Nilimwona Athol akiyaona yale mawe. Nikaona mguu wake ukinyanyuka.

"Kanyaga!" Lorna akasema. "Athol, kanyaga!"

Hakukanyaga. Boti ikashuka, ikakwaruza, ikakaa. Ndipo akakanyaga, tena kwa nguvu zote, boti ikiwa imekalia changarawe. Tukasikia mawe yakiingia kwenye kinywa kile kama mahindi kwenye kinu. Injini ikakohoa, ikanyamaza.

Hakuna anayemwacha mwenzake mtoni. Boti zote zikarudi. Watu, na Athol pia, wakaruka kwenye maji yale ya barafu, ambayo kwenye kijito cha kando yanafika mapajani, wakatia kamba, wakavuta na kusukuma, wakatufikisha kwenye kisiwa cha changarawe. Majiko yakawashwa, soseji zikatiwa kwenye mkate. Na Hughie akaenda kwenye boti yake, akarudi na Chujio la Dhahabu.

Hilo ni chujio kuukuu lililopinda, limepakwa rangi ya dhahabu na kufungwa mnyororo. Anayekwama kwa kosa lake hupanda juu ya sanduku la barafu, anataja kosa lake mbele ya wote, anavishwa shingoni. Kisha anakaa nalo nyumbani, mahali pa kuonekana na wageni, mpaka apatikane mwingine. Watu hucheka, na yeye hucheka. Kawaida.

"Haya Fundi Mkuu!" Hughie akaita. "Pete imeachia, au panga umelifunga kichwa chini? Panda utueleze!"

Watu wakaangua kicheko. Athol alikuwa amelowa, midomo ya bluu. Akatazama lile chujio, akawatazama watu.

"Si mimi niliyeifunga," akasema. "Ni Lorna. Kazi yote ni ya Lorna."

Mungu wangu. Neno nililolingoja majira yote ya baridi ndilo hilo, na alilitoa siku ya lawama.

Soseji zikawa zinaungua. Lorna alikuwa amebeba sahani ya keki. Akaiweka chini juu ya jiwe, polepole, kama mtu anayelaza mtoto. Shingo yake ikawa nyekundu mpaka masikioni. Hakumtazama mumewe. Na mimi mwenyewe, ambaye sikufanya lolote, nilitamani changarawe inimeze.

 Mzee Murdo akapanda kwenye boti yetu, akafungua kifuniko cha nyuma, akaingiza mkono mpaka begani. Akatoa jiwe, akaliweka kwenye kiti. Akatoa jingine. Alipomaliza, akapapasa humo ndani muda mrefu, akajifuta.

"Pete nzima," akasema. "Panga zima, limekwaruzika kidogo tu. Kazi hii imeshinda ya kwangu. Mawe haya hayaingii boti ikikimbia, Athol. Uliachia mafuta?"

Athol akayatazama yale mawe kwenye kiti.

"Hebu ngoja," Hughie akasema, na safari hii hakuwa anacheka. "Ile pete uliyonifundisha kule baa? Nikakununulia bia, nikasikiliza kama mtoto wa shule?"

"Ilikuwa ya Lorna," Athol akasema.

Akapanda mwenyewe juu ya sanduku. Hakuna aliyemwambia tena. Akasimama pale, maji yanamchuruzika kwenye suruali, macho kwenye gambuti zake.

"Niliogopa mawe, nikaachia mafuta."

"Inatosha, Athol," Lorna akasema. "Shuka."

"Haijatosha. Mliponisifu nilipokea. Nilipokwama nikamtupia yeye." Akainua macho. "Mimi nilishika taa."

Hakuna aliyecheka. Hughie akamvisha chujio bila kumtania, na nadhani hilo lilimuuma kuliko matusi.

Kurudi, Lorna alishika usukani. Athol akakaa nyuma na mimi, chujio mapajani, magoti yamebanana. Tulipofika kwenye maji yale yale membamba, niliona mguu wa binti yangu. Ulishuka mpaka chini ukabaki huko. Boti ikapita ikiteleza kama sabuni. Athol alikuwa anautazama mguu ule.

"Mama, ulikuwa unajua," akaniambia.

"Nilikuwepo mlangoni, baba."

"Mbona hukusema?"

"Lilikuwa la kwako kusema."

Nikammiminia chai. Akaipokea vibaya, nusu ikamwagikia chujio.

Athol alilitundika lile chujio kwenye mlango wa banda, anakopita kila mgeni. Kwa muda Lorna alizungumza naye mambo ya lazima tu: maziwa yameisha, mbwa hajala. Athol alikuwa akileta chai bandani, anaiweka, anaondoka.

Kisha Hughie akaja, boti yake inavuja. Athol alikuwa pale mlangoni na taa mkononi, miguu ya Lorna imetokeza chini ya boti.

"Nani atanitazamia?" Hughie akauliza, maana na yeye aliona haya kutaja jina.

Uso wa Athol ukaiva. Kile kitambaa chenye grisi kilikuwa juu ya meza, karibu kabisa na mkono wake. Hakukigusa. Akaelekeza kidevu kwenye ile miguu.

"Muulize mwenye miguu hiyo," akasema.

Kutoka chini ya boti Lorna akasema, "Athol, sogeza taa. Hapa sioni."

Akapiga magoti, akaisogeza.