Bizimu ya Pili

"Sasa ushangae," alisema Saskia.

Neville Mutimer alikuwa amepiga magoti kwenye mabua ya ngano, mkono mmoja shimoni, akitafuta kwa mara ya tatu kitu alichokwisha kukipata tangu asubuhi. Alijaribu kushangaa. Aliinua nyusi.

"Hapo umekuwa kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka," Saskia akasema, wala hakuwa na ubaya. Ndiye aliyekuwa mwongozaji wa kipindi cha televisheni, binti mrefu mwenye koti la manjano, na kila mtu kwake alikuwa mpenzi. "Mpenzi, umepata hazina! Watu wako nyumbani na sahani za chakula mapajani. Wape kitu."

Nyuma ya mpiga picha, Beryl Thurlow, rafiki wa Neville, alikuwa ameziba mdomo kwa kofia yake asisikike akicheka. Yeye na Neville walikuwa wakitafuta vitu vya kale mashambani pamoja kila Jumamosi tangu Neville alipostaafu kazi ya posta, na kabla ya hapo kila Jumapili. Yeye ndiye aliyejaza fomu ya kipindi. Neville alikubali kwa sababu hakujua namna ya kumkatalia Beryl, jambo ambalo halikuwahi kumponza mpaka siku hiyo.

Kupata kwenyewe kulikuwa hivi. Saa tatu na dakika ishirini, wakati watu wa picha bado wanafungua masanduku yao, Neville alikuwa anatembea kando ya mtaro wa chini, hedifoni masikioni, mashine yake ya kunusa metali ikipepea juu ya mabua kushoto na kulia. Ikalia. Haikulia ule mlio mkavu wa kizibo cha bia, bali sauti ya mviringo, laini. Akachimba kina cha kiganja kimoja tu. Ikatoka bizimu ndogo ya shaba, ya kubania vazi, mfano wa kifungo cha koti, na juu yake uso wa mtu mwenye macho makubwa na nywele zilizokatwa sawasawa kama paa la nyasi.

"Oho," alisema Neville.

Beryl akaja, akainama. "Mama yangu wee. Miaka elfu na mia tano huyo, Nev."

Wakaandika kwenye daftari namba za setelaiti za mahali pale, kina, saa, wakanywa chai. Basi. Hivyo ndivyo wanavyoshangilia watu wa kazi hii.

Saskia alipojua, nusura alie. "Mmeipata bila sisi?" Kisha akatazama mtaro, akaona pia rundo la samadi lililofunikwa plastiki nyeusi na matairi, akasema pale hapafai. Waipande tena juu kidogo, hatua hamsini hivi, ambako mwaloni na mnara wa kanisa vinaingia katika picha moja.

Neville aliona uzito. Kwake yeye kitu na mahali kilipolala ni mamoja. Ukivitenganisha umebaki na kipande cha shaba. Lakini ulimi wake haukuwa mwepesi mbele ya wageni, na Saskia alikuwa na jibu tayari: "Namba zako si unazo, mpenzi? Hii ni picha tu." Ilikuwa kweli. Namba alikuwa nazo. Basi akalifunga daftari, akalitia mkobani mwa Beryl, kwa kuwa yaliyobaki hayakuwa kazi, yalikuwa maigizo. Hapo ndipo alipokosea.

Wakachimba mara ya kwanza, jua likaingia wingu. Wakasogea, wakachimba, ndege ikapita. Wakasogea tena. Kila mara, kabla ya kuondoka, Neville alirudisha bonge la udongo mahali pake, akalikanyaga, akayachana mabua kwa vidole kama anayemchana mtoto nywele. Hakuweza kuacha shimo. Ndiyo maana Bwana Gooderham, mwenye shamba, alimruhusu miaka yote thelathini. "Sijawahi kuona tundu lako hata moja," alimwambia mara. "Wakati mwingine nadhani huwa huji kabisa."

Mara ya tano Saskia alimtaka ageuke, asione bizimu inawekwa wapi, ili ashangae vizuri. Odette, mama wa makamo aliyesimamia vifaa vya kipindi, ndiye angeiweka. Neville akatazama mnara mpaka aliposikia, "Haya, anza!" Akaanza. Mashine ikalia. Akachimba, na safari hii akaona ajabu, kwani alichimba, akachimba, mpaka sepeto likafika udongo mgumu wa manjano ulio chini ya ule wa majembe. Huko, ndani ya bonge, uso ukamtazama. Macho yake yalikuwa yamejaa udongo mkavu.

Neville akafungua mdomo.

"Hiyo!" Saskia alipiga kelele. "Hiyo ndiyo! Sasa sema, 'Tumetajirika!'"

"Hatujatajirika."

"Sema tu, mpenzi."

Beryl akamsemea. Aliruka hata kofia ikamwanguka, akaimba "Tumetajirika!" akizunguka mabuani na mabuti yake ya mpira, na watu wote wakacheka, hata mpiga picha. Saskia akaifuta bizimu kwa kitambaa chenye maji ili uso wake upigwe picha kwa karibu. Kisha wakaenda kula.

Walikuwa kwenye mikate ya soseji Odette alipokuja, uso umemshuka.

"Neville, samahani. Sikuwahi kuiweka. Nilikuwa bado naichukua sandukuni, kumbe umeshaanza."

Akafungua kiganja. Bizimu. Uso, macho, nywele za paa la nyasi. Neville akatia mkono mfukoni, akaitoa ile aliyopewa na Saskia. Akaziweka pamoja juu ya mfuniko wa chupa ya chai.

"Ziko mbili," Beryl alisema polepole. Na hakuwa anacheka tena. Wanawake wa zamani zile walizivaa mbili mbili, moja kila bega. Moja ikipatikana, huenda ilimdondoka mtu njiani, au majembe ya karne na karne yaliiburura mteremkoni. Lakini ya pili ikitoka kwenye udongo mgumu, ambao jembe halijaufikia, maana yake aliyezivaa bado yumo.

"Isipokuwa..." Odette akaanza.

"Isipokuwa nini?"

"Isipokuwa ni yangu. Alfajiri nilizika vitu kumi hivi huku juu. Saskia alisema tulisaidie shamba kidogo, tusije tukakosa kabisa. Nilinunua fungu zima la vitu vya kale, vya kweli, kwa mtu. Sikuvitazama kimoja kimoja."

"Ilikuwamo bizimu yenye uso?" Neville akauliza.

Odette alifikiri mpaka akaonekana kuumwa. "Kulikuwa na kitu chenye uso. Labda ilikuwa sarafu."

"Ulichimba mpaka wapi?"

"Wala sikumbuki, Neville. Kulikuwa na baridi. Nilichimba."

Walipomwendea Saskia, yeye alifurahi. Mbili! Kisha alipoelewa, akapunguza sauti, akawaomba habari ya vitu vya Odette isifike mbali. Picha, zilizoonyesha shimo lilipo? Zimekwenda London na gari la saa nane. Angezitafuta, lakini wiki ijayo, au ile nyingine. "Kwani inabadilisha nini, mpenzi? Imepatikana. Na uso wako ulikuwa mzuri sana, sijapata kuona uso kama ule."

Neville akataka kumwambia inabadilisha nini. Alikuwa nayo kichwani, yote, imepangika. Ilipofika kwenye meno ikageuka kuwa "Sawa."

Jambo lenyewe lilikuwa trekta. Bwana Gooderham alishawaambia wacheze michezo yao yote hadi Jumapili, maana Jumatatu asubuhi anapitisha lile jembe la meno marefu lifikalo nusu mita chini. Mavuno yalikuwa ya mvua, mashine zimeushindilia udongo ukawa kama barabara. Meno yale yakipita, kama kuna mwanamke alalaye pale, yatamtawanya.

Magari ya kipindi yalipoondoka, Neville na Beryl wakapanda juu kutafuta lile shimo la tano, ambalo namba zake hazikuandikwa. Hawakuliona. Hawakuona hata moja. Mabua yalisimama kila upande, yamechanwa vizuri.

"Laiti ungekuwa mvivu kidogo," Beryl alisema. "Siku moja tu."

"Mwaloni ulikuwa kushoto kwangu."

"Kulia. Ulikuwa kulia. Au ile ilikuwa mara ya tatu?"

Wakahojiana hivyo mpaka wakawa hawana hata kile walichokuwa nacho mwanzo. Mashine haikusaidia, kilichokuwamo kilikuwa kimeshatolewa. Ililia mara mbili tu, na mara zote mbili ni vizibo vya bia.

Nyumbani, Neville aliziweka bizimu mezani, kwenye karatasi nyeupe. Alidhani angejua ipi ni ipi. Lakini zote zilikuwa zimefutwa kwa kitambaa kile kile, na alipozigeuza ili azitazame mgongoni, akasahau alianza na ya upande gani. Akaanza kutilia shaka hata udongo aliouona machoni mwa ile ya pili. Aliuona? Au aliuona kwa sababu alitaka? Ukimwambia mtu ashangae mara nne, ya tano ikija kweli ataijuaje?

Jumapili akampigia simu afisa wa vitu vya kale wa kaunti. Mama yule alimsikiliza bila kumkatiza.

"Alhamisi ndiyo siku ya mapema ninayoweza kuja," alisema. "Shamba si letu, siwezi kumzuia mwenyewe. Lakini anakusikiliza wewe. Una hakika ilitoka ardhini?"

"Ilitoka ardhini," Neville alijibu. "Sijui iliingia lini."

Jumatatu saa moja trekta lilikuwa linanguruma mlangoni mwa shamba. Beryl alimfikia Neville njiani, akamshika mkono wa koti.

"Nev, sikiliza. Ukisema 'ndiyo, kuna kaburi,' atasimamisha. Neno moja tu. Nani atakuja kukuuliza?"

"Na kama halipo?"

"Kama halipo, amechelewa siku tatu. Kama lipo na wewe ukajikanyagakanyaga na ulimi wako ule, je?"

Alisema kweli. Neville alitembea akilirudia lile neno, ndiyo, ndiyo, kila hatua, na lilikuwa jepesi. Bwana Gooderham akafungua mlango wa trekta, akamtazama kutoka juu. Alikuwa mzee mwekundu wa shingo, asiyependa kuzima injini.

"Haya, Neville. Naambiwa umekuwa nyota. Kuna nini?"

Miaka thelathini Neville alikuwa akimwekea mzee huyu kila kitu kwenye meza ya jikoni, hata kipete cha kopo la soda, na kumwambia hiki hapa, kimetoka pale. Akafungua mdomo aseme ndiyo.

"Sijui," alisema.

"Hujui nini?"

"Huenda kuna mtu amezikwa kule juu. Mwanamke. Au huenda hakuna mtu ila vitu walivyovizika watu wa televisheni Jumamosi alfajiri. Nilishika jibu mkononi, bwana, nikaliacha likafutwa. Na shimo nimelifukia. Silioni."

Bwana Gooderham akazima injini. Wakasikia kunguru wa mnarani.

"Walizika vitu shambani mwangu?"

"Ndiyo."

"Bila kuniuliza."

"Ndiyo, bwana."

"Nawe unaniomba nisilime mahali usipopajua, kwa ajili ya mtu usiyejua kama yupo."

Likisemwa hivyo halikuwa na kichwa wala miguu. Neville alihisi masikio yakimwaka. "Mpaka Alhamisi," akasema.

"Wapi?"

Neville akaenda. Alitembea mpaka mahali ambapo mwaloni ungeweza kuwa kushoto, akachomeka fimbo. Akaenda mpaka mahali ambapo ungeweza kuwa kulia, akachomeka nyingine. Akafikiri, akaongeza hatua kumi kila upande, akachomeka tena. Alipomaliza akageuka akaona ukubwa wa ujinga wake umesimama shambani na fimbo nne, na ndani yake ungeweza kujenga nyumba ya vyumba vitatu na kibanda cha kuku.

Akarudi. Mzee alizitazama zile fimbo kwa muda mrefu.

"Laiti kipindi kile kingekuwa na aibu kidogo kama hiyo yako," alisema, akafunga mlango.

Trekta likawaka. Neville hakujua kama huko kulikuwa kukubali au kukataa, akaogopa kumkimbilia kumwuliza. Lilizunguka ukingoni, likashusha meno yake, ardhi ikapasuka kwa sauti ya kitambaa kinachochanwa. Likaja moja kwa moja kuelekea kwenye fimbo. Beryl akamshika tena mkono wa koti.

Zikiwa zimebaki hatua kama ishirini kufika fimbo ya kwanza, mapema mno, meno yakainuka. Trekta likapita juu ya mabua bila kuichana ardhi, matairi tu, likavuka fimbo ya pili, likaenda mbele tena, na meno hayakushuka mpaka lilipokaribia ua wa miti.

"Ameacha zaidi ya ulivyomwomba," Beryl alisema.

Neville aliitikia kwa kichwa. Trekta likageuka huko mwisho, likaanza kurudi. Yeye akabaki ametumbulia macho kile kipande cha mabua katikati ya fimbo, akijaribu kukumbuka ni wapi hasa alipopiga magoti, na kila mahali alipopatazama palionekana kuwa ndipo.