Mafunzo ya Kuzama

Bibi alikuwa akinyoosha kola ya shati la karani wa benki, kutoka ncha kwenda katikati, maana ukianzia katikati kola hujikunja mwishoni, pale mjukuu wake aliposukuma mlango na begi begani. Nje jua lilikuwa kali. Mjukuu alikuwa akichuruzika maji kuanzia shingoni mpaka unyayoni, na kichwa chake kilikuwa kikavu kabisa.

“Usisogee karibu na nguo za watu,” bibi alisema. “Simama hapo kwenye sakafu tupu.”

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Mbona umerudi na kozi haijaisha?”

“Maji yamenifika shingoni.”

Bibi alimtazama. Mjukuu hakuwa anasema kwa mafumbo. Chini kidogo ya masikio palikuwa na mstari, kama ule unaobaki ukutani baada ya mafuriko.

Kozi yenyewe ilikuwa ya kuandika programu za kompyuta. Tangazo lake lilisema wazi kwamba ni mafunzo ya kuzama: mwanafunzi haingii na kutoka kama mtu anayekwenda sokoni, bali anajitosa mzima mzima, analala hapohapo, anasahau mengine yote, mpaka aibuke fundi. Watu wengi husoma matangazo juujuu. Siku za mwanzo maji yalikuwa ya kifundo cha mguu, na wanafunzi walikunja suruali. Yalipofika magotini, walimu walivaa mabuti ya mpira. Yalipofika kiunoni, simu zilikusanywa zisije zikaharibika. Kompyuta zilikwisha kufunikwa na maji, lakini zilifanya kazi kama kawaida.

Kiti cha pili alikaa rafiki wa mjukuu, msichana waliyemwita Kicheko kwa sababu alicheka hata kompyuta ilipomgomea. Walikubaliana kuzama pamoja, wameshikana mikono chini ya meza. Maji yalipofika kidevuni mwalimu alisema, “Haya, sasa.” Kicheko akavuta pumzi, akaenda chini. Darasa likapiga makofi. Mjukuu aliuachia ule mkono, akangoja mwenzake aibuke. Alingoja mpaka makofi yakaisha na kila mtu akarudi kwenye kazi yake. Ndipo akachukua begi.

“Umebakiza kidogo tu,” mwalimu alimwambia mlangoni.

Basi bibi akaanza kazi ya kumkausha. Alimketisha juani kwenye benchi, akawa anamgeuza kama godoro la mtoto mkojozi. Alimtandikia taulo mgongoni akapitisha pasi ya moto mdogo. Mvuke ukapanda, mgongo ukakauka, na kabla pasi haijatua mahali pake maji yakawa yamesharudi.

“Wewe, mke mwenzangu, ni kitambaa cha aina gani?” bibi aliuliza.

Mjukuu alicheka kidogo, kisha akanyamaza kama aliyecheka mahali pasipo pake.

Jirani, fundi cherehani, alichungulia juu ya ukuta. “Naona binti yupo. Amemaliza?”

“Ameacha.”

“Lo! Watoto wa siku hizi ni mayai.”

“Wako alimaliza?”

“Wangu hakuanza.”

“Basi kashone.”

Jumamosi jioni bibi aliloweka mashuka na foronya kwenye beseni. Ndani ya maji pakaanza kusikika vidole vikigonga vibonye vya kompyuta, taratibu kwanza, kisha haraka haraka. Alidhani ni vifungo, akakagua foronya moja moja. Povu likajitenga katikati.

“Shikamoo, bibi,” sauti ilisema. “Yupo?”

“Marahaba. Yupo, anakula.”

“Mwambie nimekwama.”

Mjukuu alikuja bado anatafuna, akapiga magoti. “Nisomee,” alisema.

Kicheko akasoma, mstari kwa mstari.

“Umefungua mabano hujayafunga.”

“Wapi?”

“Kule juu, mwanzoni kabisa.”

“Ala! Na nilivyohangaika! Saa ngapi huko?”

“Jioni.”

“Jioni ya lini?”

Mjukuu akamtajia siku na mwezi. Halafu vidole vikaendelea kugonga.

Toka hapo aliita kila jioni. Hakuwa anacheka tena. Bibi aliposhindwa kuvumilia akamwaga maji na kulifudikiza beseni, sauti ilitoka kwenye ndoo ya maji ya kunywa, ikaomba radhi kwa usumbufu. Bibi akalirudisha beseni, maana ndoo ni ya watu wote.

Shida ni kwamba sauti ilizidi kwenda chini, na mjukuu alizidi kuifuata. Alianza kwa kutega sikio. Likafuata shavu. Jioni moja bibi alitoka uani akakuta kichwa kizima kimo majini, na zile nywele zimeshuka kupita chini ya beseni, zikaendelea. Beseni lenyewe kina chake hakifiki kiwiko. Bibi alimshika mabegani akamvuta.

“Unataka kwenda?”

“Sitaki, bibi.” Mjukuu alikuwa akihema. “Ila hajaniachia mkono.”

Akamwonyesha kiganja. Vidole vya mtu mwingine vilikuwa vimeacha alama, nyeupe na baridi.

Asubuhi bibi alizima pasi, akavaa viatu vyake vya msibani, akashika njia ya shuleni. Mapokezini palikuwa pakavu, pana maua ya plastiki. Mwalimu alitoka na mabuti yaliyomfika mapajani.

“Nimemfuata Kicheko,” bibi alisema. “Nataka aibuke.”

“Huyo ndiye mwanafunzi wetu bora, mama. Hainuki hata kwenda kula.”

“Ndiyo hilo ninalolisema.”

“Mama yake mzazi alikuja. Alifurahi mpaka akatoa machozi. Wewe ni nani wake?”

“Mimi ni bibi wa yule aliyekaa naye.”

“Ah, yule aliyeacha.” Mwalimu aliinamisha kichwa kama mtu anayetoa pole. “Kwa kweli inasikitisha.”

Alimruhusu achungulie kwenye kioo. Wanafunzi walikuwa wamekaa chini kabisa, migongo imenyooka, nywele zimesimama kama moshi wa mshumaa uliozimwa. Mapovu hayakuwa yanatoka mdomoni mwa mtu yeyote. Kicheko aligonga vibonye kwa mkono mmoja. Mwingine ulikuwa chini ya meza, umefumbwa, umekazwa mpaka viungo vimekuwa vyeupe.

Bibi alirudi nyumbani. Alichukua kamba ya kuanikia, akamfunga mjukuu kiunoni, na ncha ya pili akaifunga kwenye mguu wa meza ya kupigia pasi, meza ya mbao nzito isiyoinuliwa na mtu mmoja.

“Mwenzio huwezi kumtupa,” alisema. “Msaidie. Lakini utamsaidia ukiwa hapa.”

Ikawa hivyo. Jioni mjukuu aliinama, kamba ikakazika, meza ikalalamika kidogo, na bibi akaendelea na mashati.

Habari zilimfikia mama yake Kicheko, naye akaja. Alibeba picha ya mahafali ndani ya fremu. Ilionyesha maji matulivu, na juu yake kofia nyeusi inaelea.

“Hongera,” bibi alisema, maana ndivyo inavyosemwa.

“Asante. Kazi amepata palepale. Wala hawakutaka atoke.”

Akapiga magoti kwenye beseni, akainama mpaka kope zikagusa maji. “Mwanangu, nyumbani unakuja lini?”

“Nimalize hiki tu, mama.”

“Maliza, mwanangu. Maliza. Usiwe na haraka.”

Alikaa pale kwa muda akisikiliza vidole. Aliposimama aliiona ile kamba, akaifuata kwa macho kutoka kwenye mguu wa meza mpaka kiunoni mwa mjukuu.

“Mbona umemfunga mtoto kama mbuzi? Mrudishe, bibi. Alibakiza kidogo.”

“Huyu amebaki,” bibi alisema, akakaza fundo.

Mama yule alikuwa na maji yakimtiririka mashavuni, na bibi akampa taulo kavu ajifute. Alikataa, akasema si kitu, upepo utamkausha. Uso wake ulikauka kabla hajafika mlangoni, na mjukuu bado alikuwa akichuruzika.