Waifai ya Maame Dufie

Waifai ya Maame Dufie ilikuwa inanyonywa na nyumba nzima. Vyumba kumi na viwili pale Bantama, Kumasi, na kila chumba kina mtu na simu yake. Yeye analipa, wao wanaangalia mpira, na akimpigia mwanawe picha inakwama.

Angenyamaza, lakini Jumamosi mjukuu wake wa kwanza alikuwa anapewa jina huko Toronto. Jina hutoka upande wa baba, na hutamkwa mtoto akilambishwa maji. Baba ni Yaw, mwanawe, na mtu mzima pekee aliyebaki upande huo ni yeye. Mtoto ataitwa Amoako, kama marehemu babu yake, basi. Ila mama mkwe wa Yaw, aliyekuwa kule kule, alishatangaza: Dufie asipopatikana hewani, mtoto ataitwa Braydeni. Braydeni, kama dawa ya minyoo.

Ijumaa asubuhi akabadilisha neno la siri. Akaweka kitu ambacho aliamini hata shetani hawezi kukibuni: jina kamili la marehemu mama yake, na umri aliokufa nao. Chai haijapoa, akamwona Agyeiwaa wa chumba cha pili, muuza kenkey, yale madonge ya unga wa mahindi, anachekea simu mlangoni.

"Wewe, umeingiaje?"

"Kwani ni siri, Maame? Si umebandika mwenyewe."

Agyeiwaa alinyoosha kidole getini. Bango la msiba lilikuwa pale tangu Machi, kubwa kama mlango: picha ya mama yake Dufie, majina yake yote matatu, miaka tisini na moja.

"Mpaka sokoni yapo," Agyeiwaa akasema. "Nimejaribu mara moja tu."

Dufie alimtukana yeye, kenkey zake na wateja wake. Aliona aibu, na aibu yake siku zote hutokea mdomoni.

Jumamosi saa tano asubuhi alikaa mbele ya simu, kavaa nyeupe. Yaw akatokea, akasema "Mama," akaganda mdomo wazi. Hapo Dufie akapandwa na mori. Akafungua mipangilio ya waifai, akafuta neno la siri, akagongagonga herufi, namba na alama zozote zilizokaa karibu na kidole, akahifadhi. Uani watu wakaguna chumba kwa chumba. Alifurahi kweli kweli.

Kisha simu yake mwenyewe ikamuuliza neno la siri.

Hakuwa na habari hata ya herufi ya kwanza. Akajaribu hili na lile, kisha akatoka uani machozi yanamtiririka, na mtu wa kwanza kukutana naye ni Agyeiwaa.

"Wanampa jina," Dufie akasema. "Wanampa jina na mimi sipo."

Agyeiwaa alijifuta unga mikononi. "Leta simu. Nina bando langu, nakurushia."

"Neno la siri?"

"Sina neno la siri mimi. Ingia tu, Maame."

Picha ikaja. Mama mkwe wa Yaw alikuwa ameshampakata mtoto, kikombe cha maji mkononi, anasafisha koo.

"Mama, weka kikombe chini," Dufie akasema, kamasi na machozi pamoja. "Huyo ni Amoako."

"Amoako," Yaw akaitikia haraka, akakichukua kikombe.

Agyeiwaa alimshikia Dufie simu mpaka mtoto akalambishwa maji, kwa sababu mikono ya Dufie ilikuwa haishiki kitu.