Kidonge cha Kupandia Jukwaani

Ukumbi ulikuwa umefurika. Nyuma ya jukwaa, mpiga ngoma waliyemwita Radi alikuwa akirukaruka kama mtoto aliyeahidiwa baiskeli. Baada ya mwaka mzima wa matibabu, leo anarudi kwenye bendi yake!

"Mjomba, tulia, utachoka kabla hatujaanza," mpwa wake alimcheka. Binti huyu wa dada yake ndiye aliyekuwa mwimbaji mpya.

"Nichoke? Leo hata wakizima umeme nitapiga!"

Lakini walipoingia chumba cha kuvalia, kwenye taa kali, Radi aliona macho ya binti: mekundu, yamevimba. Jana bendi ilipiga harusi mbili, leo asubuhi mahafali, sasa hapa, na jioni kwingine tena. Mara kiongozi wao, Bosi, akaingia akihema, akamwekea binti kidonge kiganjani.

"Meza, kitakuchangamsha. Ndivyo tunavyofanya hapa."

Radi alikijua kidonge kile. Majirani walisema aliharibiwa na marafiki wabaya na kupenda starehe. Si kweli. Alianza hivi hivi, kwa uchovu: maonyesho yanafuatana, mwili unagoma, na mtu anayemwamini anampa dawa. Kisha kimoja kikawa hakitoshi. Kisha, asipomeza, mikono ikawa inatetemeka hata kijiko kinamshinda. Kule kliniki, mshauri alimuuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza: "Ulikuwa unatafuta nini?" Akajibu huku machozi yakimtoka, "Nilikuwa nimechoka tu, dada."

Sasa akamgeukia mpwa wake. "Hebu niambie, mama, una shida gani hasa?"

"Sijalala, Mjomba. Naogopa sauti itanikatikia mbele za watu."

"Basi jinyooshe hapo kwenye benchi. Tutaanza kwa muziki mtupu, ukijisikia vizuri utaingia."

Akakichukua kidonge, akakitupa kwenye sinki na kufungulia maji.

"Radi!" Bosi alipaza sauti. "Hata hujakaa, umeshaanza kuniharibia kazi?"

"Hapa tutapiga, tena watakoma! Lakini ya jioni futa. Na kuanzia leo onyesho moja kwa siku. La sivyo, tafuta mpiga ngoma mwingine."

Wanamuziki wengine walikuwa wakivaa pembeni, wakisikia yote. Mpiga gitaa, mtu asiyependa maneno, akatia mkono mfukoni, akatoa pakiti ya vidonge na kuiweka mezani. "Jioni na mimi simo," alisema. Mpiga tarumbeta akaitikia kwa kichwa.

Huko nje watu walikuwa wakikanyaga sakafu kwa kishindo: "Ra-di! Ra-di!" Bosi aliwatazama mmoja mmoja, akashusha pumzi, akatoa simu na kupiga. "Samahani sana, jioni hatutaweza. Watu wangu wanahitaji kulala."

Radi alipanda jukwaani kwa kukimbia. Alipopiga pigo la kwanza, ukumbi mzima ulilipuka, na mikono yake ilikuwa imara kama nguzo. Wimbo wa tatu ukiwa katikati, sauti ya binti ikapaa kutoka nyuma, safi, imejaa. Watu wakapanda juu ya viti.

Walipomaliza, wakiwa bado wamelowa jasho, mpiga gitaa alimvuta Radi pembeni. "Kaka, nikiviacha ghafla nitaweza?"

"Usijaribu peke yako. Kliniki bado iko wazi. Twende!"

Wakatoka wakikimbizana kama watoto wa shule.