Kivuli cha Chumba Namba Kumi na Moja

Saa nne asubuhi fundi cherehani aliishusha cherehani yake kutoka kwenye mkokoteni, akaitoa barua ya halmashauri na kuisoma upya. Jengo la Makazi Nafuu, ghorofa ya pili, chumba namba kumi na moja. Mbele yake palikuwa na uwanja wa nyasi, kibao cha mradi, na kivuli cha jengo la ghorofa nne. Jengo lenyewe halikuwepo.

"Kivuli kipana," alisema mwenye mkokoteni, akageuza na kwenda zake.

Serikali kuu ilikuwa imetoa fedha za kuwajengea wasio na makao, kwa sharti kwamba mradi usipokamilika kabla mwaka wa fedha haujafungwa, fedha zirudi zilikotoka. Halmashauri haikuwa na mazoea ya kurudisha kitu. Ripoti ya ukamilishaji iligongwa muhuri Alhamisi mchana, na Ijumaa kulipokucha kivuli kilikuwa kimelala uwanjani, ngazi na baraza mahali pake, madirisha yakiwa miraba ya mwanga kwenye nyasi.

Fundi alikihesabu chumba chake kutoka mlangoni, akatua humo. Hakuwa na nafasi ya kuchagua. Tangu alipofukuzwa alikopanga, binti yake wa miaka tisa alikuwa akiishi kwa wifi yake, na wifi alishachoka. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mtoto yule alishapewa jembe, ufagio na sufuria. Mwisho wa mwezi, wifi alisema, kama mama hana chumba, mtoto atapelekwa kwa bibi yake, safari ya siku mbili kwa basi.

Asubuhi chumba kilikuwa upande wa mtaro. Adhuhuri kilijikunja hadi fundi akakosa pa kuweka miguu. Alasiri kilirefuka kuelekea barabarani, naye akakifuata, akiburuta cherehani na kigoda. Wengine wenye barua kama yake walivumilia wiki moja wakaondoka. Akabaki peke yake, akishona mifuko ya sare za shule, na siku nyingine jua lilizama hajasema neno isipokuwa vipimo vya viuno vya watu.

Siku ya tisa aliona kitambaa kilichokuwa chini ya sindano kina mwanga kuliko kawaida. Akatazama miguuni pake, hapakuwa na kivuli. Akakitafuta, akakikuta kwenye mraba wa dirisha la chumba namba kumi na moja kikitundika pazia. Lilikuwa pazia la marinda, la aina aliyokuwa akiwashonea wenzake miaka yote. Vivuli vya wale walioondoka navyo vilikuwemo, kila kimoja chumbani kwake. Alikionea kivuli chake wivu, akaona aibu kukionea wivu.

Kesho yake alikwenda halmashauri. Karani wa makazi alimkaribisha kiti, akafungua faili.

"Mama, hapa unaonekana umeshahamia."

"Kilichohamia ni kivuli changu, mwanangu. Mimi niko nje."

"Mkaguzi alipita jana saa kumi, akahesabu wakazi. Umo." Karani aliigeuza fomu nyuma na mbele, kwa nia njema kabisa. "Haina mahali pa kuwatenganisha."

"Basi niandike upya kwenye orodha ya wanaosubiri."

"Mwenye chumba haandikwi tena, mama. Watu watasema nakupendelea."

Fundi alishukuru, maana alilelewa hivyo, akarudi kwenye nyasi zake.

Jumapili ya mwisho wa mwezi, saa kumi na nusu, wifi alifika akimshika binti mkono. Binti alikuwa na begi mgongoni. Wifi alikizunguka kivuli chote, akipima kwa hatua.

"Chumba kizuri, wifi," alisema. "Lakini kitanda cha mtoto nitakiweka juu ya nini?"

 Fundi alimkumbatia mwanawe, akambana mpaka kamba za begi zikamwachia alama mikononi. Hapo kivuli cha mtoto kilijitenga na miguu yake, kikakimbia hadi mlangoni, kikapanda ngazi kikiruka mbili mbili. Kwenye mraba wa dirisha, kivuli cha mama kilikwisha kufungua mikono.

"Mimi nimeshafika," binti alisema.

"Nimekuona," alisema mama.

"Angalau huko juu mko pamoja," wifi alisema, na hakuwa anatania. Machozi yalikuwa yakimlengalenga. "Basi linaondoka alfajiri. Muage mwanao."

Waliagana. Binti alishika njia na shangazi yake, jua likiwapiga mgongoni. Mbele ya mmoja kulikuwa na kivuli kirefu, mbele ya mwingine lami tupu. Aligeuka mara tatu kupunga mkono, mpaka kona ikawameza.

Dirisha la chumba namba kumi na moja lilikuwa limeshafika barabarani, magari yakipita juu yake. Ndani, kivuli cha mtoto kilikaa chini katikati ya magoti ya mama, kikisukwa nywele, na vichwa vyote viwili vilikuwa vikitikisika kwa kicheko. Fundi alisogeza kigoda hadi ukingo wa lami, akainama, akatega sikio. Hakusikia neno.