Mikono ya Mwanafalsafa wa Wamaza

Madame Léontine alifundisha falsafa miaka kumi na tisa katika shule moja ya Kasongo, kwa daftari lile lile alilorithi kwa mwalimu aliyemtangulia. Mende walikuwa wamelila pembeni mpaka maana ya uhuru ikakosa mwisho. Yeye alisoma, wanafunzi waliandika, na wote walipiga miayo.

Kisha Iliasi, muuza simu wa sokoni, akaweka antena. Ndipo Léontine alipogundua kurasa za watu binafsi: si za vyuo wala magazeti, ni watu tu, kila mmoja na kibaraza chake mtandaoni. Kulikuwa na nesi aliyeandika juu ya maumivu akitoka zamu, seremala wa nchi ya baridi aliyebishana na kifo, na bibi mmoja aliyetafakari wakati kwa kuwatazama kuku wake. Iliasi alimpakulia kwenye simu, naye akaenda kusoma nyumbani.

"Madame, watu wako wameandika tena," Iliasi alimtania. "Yule wa kuku anasema wawili wamekufa. Na hiyo nayo ni filozofia?"

"Wewe uza mega zako za intaneti, Iliasi. Filozofia itakukuta."

Aliyemshika hasa alikuwa mtu wa karibu, Pacifique wa kijiji cha Wamaza. Huyo aliandika kwamba asiyetia mikono katika muhogo uliolowekwa hajui kungoja ni nini. Kwamba fikra safi hutoka katika mikono michafu. Léontine akaweka daftari la mende kando, akawasomesha wanafunzi kurasa za Pacifique mwaka mzima. Miayo ikaisha. Mwishowe Pacifique akamwandikia: njoo, shamba lipo, tutalima tukifikiri.

Basi mbele ya walimu wote Léontine akamwambia prefe Grégoire, mkuu wa shule: "Nimechoka kuimba uhuru nimefungwa kwa chaki. Naenda Wamaza. Tafuteni kasuku mwingine."

Walimu wakapiga makofi. Grégoire hakupiga. Alisema tu kwamba nafasi itabaki wazi hadi Jumatatu. Baada ya hapo kuna mtu anaitaka.

Ijumaa Léontine alipanda pikipiki, na Jumamosi asubuhi akafika Wamaza, mgongo umekuwa kuni. Pacifique alikuwa kibarazani, shati jeupe, akampa mkono.

Léontine ni mtoto wa wakulima. Mama yake aliloweka muhogo maisha yake yote, na harufu ile haitoki kwa sabuni wala kwa ndimu. Huingia kwenye kucha ikakaa siku tatu, hata kwenye pilau ya arusi unainusa. Mkono wa Pacifique ulinukia sabuni ya mtoto mchanga, nao ulikuwa laini kama mkate uliolowa chai. Léontine aliuachia haraka. Pengine amepumzika wiki hii, akajiambia. Mtu aliyekwisha kutukana kwao huwa mwepesi wa kusamehe ugenini.

"Aimée! Maji ya mugeni!" Pacifique aliita bila kugeuza shingo.

Mkewe akatokea nyuma ya nyumba, viganja vimepasuka, harufu ya muhogo ikimtangulia. Akamwagia mgeni maji, akamwagia mumewe, akarudi alikotoka. Pacifique alisifu unyenyekevu mpaka ugali wa bukari na mboga ya sombe vikaletwa, akaendelea kuusifu akitafuna. Chembe zikaruka, moja ilitua kwenye kidole cha mgeni.

"Sasa nikuonyeshe mahali ninapofikiri."

Lilikuwa shimo la maji kando ya kijito, povu juu, nzi juu ya povu. Aimée alikuwa ndani hadi magotini, akimenya mihogo iliyolainika. Pacifique aliziba pua kwa kola, akampa Léontine simu, kisha akachota tope kwa ncha za vidole na kujipaka viganjani, taratibu, kama bibi arusi apakwaye hina.

"Piga picha mikono tu. Ni ya makala ya wiki hii."

Léontine alipiga, mshangao hauna adabu ya kukataa. Pacifique akapangusa tope kwenye kitenge cha mkewe, pale mgongoni alipoinama, akarudi kibarazani kuandika.

Mate yalimjaa Léontine mdomoni. Si harufu, ile aliijua tangu mgongoni mwa mama yake. Kilichomchefua ni vijana arobaini wakinakili uongo ule, na yeye mbele yao, macho ameyafumba, akisoma kama anayesali.

"Madame," Aimée akasema, "we unajua kusoma. Anaandikaka nini mule? Watu wa Salamabila wanamupigia simu, wanamusifu. Mi sikusoma."

Léontine akatoa simu yake. "'Kila alfajiri naingia majini peke yangu.'"

"Nani?"

"Yeye. 'Nabeba kikapu hadi nyumbani, na shingo yangu inanifundisha uzito wa kuwepo.'"

Aimée alicheka mpaka akashika mti. "Shingo yake! Eh, mama! Haibebake hata kofia!" Akacheka tena, kidogo. Halafu akaacha. "Soma tena pale pa kikapu."

Léontine akasoma tena. Na mara ya tatu. Aimée akatoka majini, akakamua kitenge, akapanda kibarazani na kukaa kwenye kiti cha mgeni.

"Mihogo iko wapi?" Pacifique akauliza.

"Iko mu maji, baba. Ikilala tena itaharibika. Kikapu kiko pale, na shingo unayo."

Pacifique akamgeukia mgeni. "Umusamehe, Madame. Huyu mwanamuke hakusoma."

"Nimemsomea mimi."

Pacifique alingoja mtu acheke. Mwishowe akateremka kijitoni, na haukupita muda wakamsikia akitapika vichakani.

"Na shamba, dada, utachukua?" Aimée akauliza.

"Hapana. Nina matapishi yangu Kasongo, nikayalambe."

Jumatatu asubuhi alisimama katika chumba cha walimu, mbele ya wale wale waliompigia makofi.

"Prefe, yale niliyosema juu ya kasuku—"

"Ngoja kwanza, Madame," Grégoire akasema, akivuta kiti. "Mwalimu Djuma hajafika. Naye alipiga makofi."

Djuma akaingia, akipangusa viatu mlangoni. Léontine akaanza upya.