Shahidi Asiyetajwa

Orville Stamper alikuwa jirani yangu gerezani. Kati yetu palikuwa na ukuta wenye tundu la hewa, na humo ndimo tulimozungumzia. Uso wake niliuona siku za kuoga tu. Sukari ilishamla vidole viwili vya mguu, na daktari wa gereza alikuwa amekataa kumpeleka hospitali, kwa hiyo akashitaki. Wakili hakupatikana. Makaratasi nikamwandikia mimi, mwizi wa magari mwenye mwandiko mzuri. Alichotaka ni mahakama iamuru apelekwe kwa daktari wa upasuaji kabla mguu wote haujaenda.

Jaji akatutaka tumtaje mtaalamu atakayethibitisha kwamba mguu uliozeshwa na uzembe. Mwisho Ijumaa. Asiyetajwa kwa wakati hasikilizwi tena, hata awe nani. Tuliwaandikia madaktari wa nje, hakuna aliyejibu.

"Si tunaye Nesi Drabek?" nikamwambia Orville. "Aliuona mguu mapema, akamwambia daktari upelekwe. Sheria inamruhusu kusema alichokiona akikutibu. Tunataja jina tu, basi."

"Huyo mwache."

"Nimwache? Una mwingine mfukoni?"

"Wakijua yuko upande wangu watamhamishia jengo lingine. Nani ataniletea dawa?"

"Si yupo yule nesi mnene!"

"Yule hana kuku, Lonnie."

Kila asubuhi Colleen Drabek alifungua kidirisha cha mlango wa Orville, akampa vidonge, akamsimulia habari za kuku wake: nani kataga, nani kamdonoa mwenzake, jogoo kaleta kiburi gani. Orville aliwajua wote kwa majina. Binti yake mwenyewe hakuwa amemwandikia tangu afungwe. Kwangu nesi hakusimama, maana sina ugonjwa, lakini nami nilikuwa natega sikio tunduni. Ndiyo mazungumzo pekee ya kibinadamu tuliyokuwa nayo humo ndani.

"Utakatwa mguu kwa ajili ya kuku, mpumbavu wewe!" nikamfokea.

"Mguu wangu, si wako."

Karatasi ikaenda bila jina. Nilikasirika hadi chakula kikanishinda.

Jumatatu kidirisha cha Orville kikafunguliwa.

"Nasikia mmeshapeleka majina ya mashahidi," nesi akasema kwa sauti ya chini. "Nimo?"

Orville akaomba maji ya kumezea dawa.

"Bwana Stamper, kujipeleka mwenyewe siwezi, wangenifukuza kazi siku hiyohiyo. Lakini mahakama ikiniita, nani wa kunizuia? Nilishamwambia mume wangu ajiandae. Nilikuwa nakungoja wewe."

"Niliogopa watakuhamisha."

"Wangenihamisha, ndiyo. Na wewe ungebaki na mguu wako."

Nikamwandikia jaji atuongezee muda. Akakataa, kisha akaifuta kesi kwa kukosa mtaalamu. Majira ya kuchipua hayajafika, Orville akapelekwa hospitali hatimaye, na mguu ukabaki hukohuko.

Aliporudi, nesi alileta dawa kama kawaida. Nikatega sikio.

"Kuku hawajambo?" Orville akauliza.

"Meza dawa, Bwana Stamper."

Kidirisha kikafungwa. Nilimwita Orville tunduni, nikamwita tena. Hakuitika.